Matumizi ya Takwimu za Hali ya Hewa Katika Kupanga Upimaji wa Uchafuzi wa Hewa

Sampuli ya hewa iliyochukuliwa upande usio sahihi wa kiwanda, au muda mfupi baada ya mvua kubwa, inaweza kuonesha hewa safi mahali ambapo wananchi huvuta vumbi na moshi kila siku. Ndiyo maana upangaji wa upimaji huanza na takwimu za hali ya hewa kabla vifaa havijafungwa.

Mwelekeo wa upepo

Katika Pwani ya Tanzania, upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kituo kilichopo kusini-magharibi mwa chanzo hupokea moshi katika kipindi hicho. Upepo wa kusi unapotawala katikati ya mwaka, moshi huohuo huelekea kaskazini-magharibi. Kwa hiyo, upimaji hufanyika katika misimu yote miwili, na kifaa kingine huwekwa upande unakotoka upepo ili kutenganisha uchafuzi wa chanzo husika na ule uliokuja kutoka mbali.

Mvua na unyevu

Mvua husafisha hewa na kutuliza vumbi la barabarani. Matokeo ya masika pekee hayawakilishi kiangazi. Unyevu nao huvimbisha chembechembe, hivyo vihisi vinavyotumia mwanga vinaweza kutoa kiwango kikubwa kuliko hali halisi.

Saa za kupima

Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, hewa ya baridi karibu na ardhi huzuia moshi kupanda. Mchana, joto na upepo wa baharini huutawanya. Upimaji wa mchana pekee hukosa saa zenye uchafuzi mkubwa. Ndiyo sababu sampuli za vumbi kwa kawaida huchukuliwa kwa saa 24. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa saa 24 wa chembechembe za PM2.5 usizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo.

Kusoma ripoti

Vituo vya hali ya hewa hupima upepo katika kimo cha mita 10 mahali pa wazi. Majengo hubadili mwelekeo wake, hivyo kipima upepo kidogo huhitajika pia eneo la kazi. Ripoti kamili huonesha upepo, mvua, joto na unyevu wa siku husika. Ripoti isiyo na taarifa hizo haitoshi kuthibitisha wala kukanusha malalamiko ya wananchi.