Majengo: nyumba yangu, kiwanja si changu

Wadau, kila msimu wa kampeni kuna mtu hupanda juu ya gari akaahidi kwamba Majengo ya Pumwani itafufuliwa kwa maghorofa. Wengine tunapiga makofi, wengine tunazomea, halafu tunarudi hapa kutukanana. Mimi swali langu ni moja: ardhi ni ya nani?

Turudi nyuma. Kabla ya Pumwani, Waafrika wa Nairobi walikuwa wamejijengea vijiji vyao: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Hata Kileleshwa lilikuwa jina la kijiji kimojawapo (ndiyo, Kileleshwa!). Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakoloni wakaamua kuwakusanya mahali pamoja, mashariki mwa mji. Ndiyo Pumwani hiyo.

Sasa sikilizeni mpango wenyewe. Kiwanja ni cha manispaa, nyumba unajijengea mwenyewe. Watu wakajenga kwa miti na udongo, mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi, na hii huwa hatuambiwi darasani. Vyumba vya kupangisha ndivyo vilikuwa pensheni yao. Lakini nyumba bila kiwanja ni kama duka la kibanda: siku wakitaka, unaondoka.

Pangani ilishikilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha ikabomolewa. Waliohamia Shauri Moyo walikuta nyumba za manispaa. Jana ulikuwa mwenye nyumba, leo unakaa kwa nyumba ya serikali.

Uhuru ukaja. Manispaa ilikuwa tayari imekuwa baraza la jiji kabla ya hapo, na mwaka 2013 baraza likaachia kaunti. Bango lilibadilika, lile swali la kiwanja likabaki palepale. Ghorofa kadhaa zilijengwa Pumwani, na sipingi ghorofa, choo cha ndani ni kitu kizuri.

Ila juzi nilikaa na nyanya ya rafiki yangu, ana nyumba ya vyumba sita pale Majengo. Nikamweleza habari za nyumba mpya kama msomi. Akanisikiliza, akaniuliza: "Hiyo moja watakayonipa, mimi nitalala wapi na wapangaji wangu watalala wapi?"

Nilinyamaza. Kesho nitaandika kuhusu hao wapangaji, maana ndio wengi na hakuna anayewataja.