Yoga ya mkekani ilizaliwa ikulu ya Mysore

Kila Juni 21 mikeka hutandikwa viwanjani, fulana nyeupe huvaliwa, na anayekamata kipaza sauti hakosi kusema yoga ina umri wa miaka 5,000. Siku hiyo ya yoga duniani ilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2014, kwa pendekezo la Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, lililoungwa mkono na nchi 177. Miaka 5,000 nayo hutegemea zaidi kimuhuri kilichofukuliwa Mohenjo-daro, chenye mchoro wa kiumbe aliyekaa kitako, magoti nje. Wanaakiolojia hadi leo wanavutana. Mimi najiuliza tu: kila aliyekaa chini alikuwa anafanya yoga?

Maandishi yana habari tofauti. Patanjali, mwandishi wa kale ambaye mafunzo yake ya yoga yana vifungu takriban 195, aligusia mkao wa mwili katika vitatu tu. Kilichomshughulisha ni kutuliza akili. Karne ya 15 mwandishi mwingine, Svatmarama, aliorodhesha mikao 15. Na Swami Vivekananda, aliyewatia Wamarekani hamu ya yoga tangu alipohutubia Chicago mwaka 1893, mazoezi ya viungo aliyaona kazi ya chini.

Sasa hii mikao ya kusimama na kujipinda pembetatu, na huku kuruka kutoka mkao hadi mkao kwa kufuata pumzi, imetoka wapi?

Mtafiti N. E. Sjoman alilitafutia jibu swali hilo huko Mysore, kusini mwa India, na mwaka 1996 akatoa kitabu kilichowaudhi wengi. Katika hazina ya ikulu alikuta muswada wa karne ya 19 wenye michoro ya mikao 122, mingine ya kuning'inia kwenye kamba. Hoja yake ni kwamba yoga tuijuayo ilichanganywa palepale ikulu: ya kale kidogo, mieleka kidogo, na jimnastiki za Wazungu. Mtafiti mwingine, Mark Singleton, alipokuja na hoja ya jirani mwaka 2010, ugomvi ukawaka upya. Kwa baadhi ya Wahindu ilikuwa kama kuambiwa bibi yao si bibi yao.

Mpishi wa mchanganyiko huo alikuwa Tirumalai Krishnamacharya, msomi wa Kisanskriti asiye na mali, aliyelipwa na Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne kufundisha katika jumba la Jaganmohan miaka ya 1930. Alikuwa mkali kama pilipili. Mwaka 1934 alimchukua shemeji yake wa miaka 15, B.K.S. Iyengar, kijana aliyedhoofishwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Siku moja, mbele ya wageni, akamwamuru apige msamba. Kijana akajitetea: hajafundishwa, na kaptula inambana. Mwalimu akaagiza mkasi, kaptula ikachanwa pembeni, msamba ukapigwa. Misuli ya mapaja nayo ikachanika. Iyengar alisimulia kwamba alichechemea muda mrefu.

Kutoka ukumbi huohuo walitoka pia wanafunzi Pattabhi Jois na Indra Devi, mzaliwa wa Riga, ambaye mwalimu alimkataa hadi Maharaja alipoingilia kati. Devi akafungua darasa Hollywood. Iyengar akakutana na mpiga fidla Yehudi Menuhin mwaka 1952, na Ulaya ikafunguka. Hata Nairobi, Africa Yoga Project imekuwa ikiandaa vijana kuwa walimu tangu 2007.

Na faida? Mwaka 2017 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kiliweka yoga miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kabla ya vidonge kwa maumivu sugu ya kiuno. Ushahidi wenyewe unaonyesha nafuu ya wastani, si muujiza, na asiye mwangalifu huumia. Muulizeni mwenye kaptula. Hata hivyo mgonjwa yule aliishi hadi miaka 95.

Ukumbi wa Krishnamacharya ulifungwa mwaka 1950, fedha za ikulu zilipokauka baada ya uhuru. Jaganmohan leo ni jumba la sanaa. Wageni hukata tiketi kuona michoro ya Raja Ravi Varma.