Soketi za umeme zilizokauka katika magari ya zamani

Soketi iliyokauka ni kiungio cha plastiki cha nyaya za gari ambacho, kwa umri na joto, kimepoteza unyumbufu na huvunjika kinapofunguliwa. Katika kata ya Kihanga, Wilaya ya Karagwe nchini Tanzania, na katika Wilaya jirani ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, tatizo hili huyaandama zaidi magari ya Kijapani yaliyoingia yakiwa yametumika, kama Toyota Corolla, Noah na Hiace. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Tanzania hulipokea na kulitoza ushuru wa ziada, ndiyo maana magari ya miaka 20 bado yanabeba abiria na ndizi.

Chanzo

Soketi nyingi ni za nailoni au za aina nyingine ya plastiki iitwayo PBT. Nailoni huwa nyumbufu kwa sababu ya unyevu kidogo inaoufyonza hewani. Joto chini ya boneti huufukuza unyevu huo, na kwa miaka mingi oksijeni huikatakata plastiki yenyewe. PBT huharibiwa zaidi na joto likichanganyika na maji. Soketi za nozeli, koili, altaneta na sensa ya joto la maji ndizo hutangulia kufa. Zilizo nyuma ya dashibodi hudumu. Mpira wa kuzuia maji nao ukikakamaa, mvua na tope hupenya na vichwa vya shaba vya nyaya ndani ya soketi huota kutu ya kijani.

Kufungua

Hapa ndipo soketi nyingi huangamia, na mara nyingi kwa haraka ya fundi. Waya hasi wa betri hutolewa kwanza. Vumbi hupulizwa, kisha soketi hupashwa kwa kikausha nywele au kwa kitambaa kilicholowekwa maji moto na kukamuliwa. Plastiki yenye uvuguvugu hupinda kidogo kabla ya kukatika. Soketi husukumwa ndani kwanza ili ulimi wa kufungia upumue, ndipo ulimi hubonyezwa au kuinuliwa polepole kwa bisibisi nyembamba, kulingana na aina yake. Anayevuta hushika mwili wa soketi, kamwe si nyaya. Soketi za manjano za mifuko ya hewa zina hatari ya pekee: hazipimwi kwa taa ya majaribio, na husubiriwa dakika kadhaa baada ya betri kutolewa.

Ikishavunjika

Ulimi pekee ukikatika, kamba ya plastiki ya kufungia nyaya huishika soketi vizuri, mradi vichwa vyake ni vizima. Mwili ukipasuka, hutafutwa soketi ya mtumba ya gari la aina ileile, iliyokatwa pamoja na waya wa sentimita 10 hadi 15. Nyaya huungwa moja moja kwa kufuata rangi, viungo vikipishana ili visigusane, kisha hufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kuondoa soketi na kusokota nyaya moja kwa moja ni njia ya mkato mbaya: kiungo hulegea kwa mtikisiko, injini huanza kukosa moto, na fundi anayefuata hulazimika kukata tena.

Mafunzo

Fani ya umeme wa magari hufundishwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994.