Hadithi fupi ya Zanzibar: usomaji na ufasiri

Hadithi fupi ya Zanzibar imechipuka katika mazingira ya ngano za kusimuliwa, na baadhi ya ngano hizo mmisionari Edward Steere alizichapa mwaka 1870 kama alivyozisikia kwa wenyeji wa Unguja. Karne moja baadaye zilitoka kazi za waandishi wa Visiwani wenyewe, zikiwemo *Kicheko cha Ushindi* (1978) ya Mohamed Suleiman Mohamed na *Si Shetani si Wazimu* (1985) ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba.

Ufasiri wa hadithi fupi hiyo unaonekana vizuri katika “Tumbo Lisiloshiba” ya Said Ahmed Mohamed, iliyoupa jina mkusanyiko wa 2016 uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Wakaazi wa Madongoporomoka wanaandamwa na wanaoitamani ardhi yao. Siku moja jitu linaingia mkahawani, linaagiza chakula chote kilichopikwa na kukifagia peke yake, kisha linaahidi kurudi kesho. Hatimaye mabuldoza yanawafikia.

Miongozo ya mitihani huwahi kusema kwamba jitu ni tamaa ya wakubwa. Ni kweli, lakini jibu hilo likitangulia, hadithi yenyewe haisomwi tena. Msomaji aanze na sahani. Jitu haliingii na bunduki. Linaagiza kama mteja yeyote, na waliopo wanaduwaa. Hapo ndipo penye hofu: uporaji umeanza kwa adabu za mkahawani, na hakuna aliyejua akatae wakati gani. Msomaji wa Unguja ana kumbukumbu nyingine ya kuiongezea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, nyumba nyingi za mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, zilibomolewa kupisha maghorofa ya Michenzani. Buldoza, kwa hakika, halimwachi mwandishi huyu: mkusanyiko wake wa 2005 unaitwa *Arusi ya Buldoza*.

Si kila mwandishi wa Visiwani huandika kwa Kiswahili: Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar 1948, huandika kwa Kiingereza. “Bossy”, hadithi yake ya urafiki wa vijana wenye Mapinduzi ya 1964 nyuma yao, imo katika *African Short Stories* (1985) ya Chinua Achebe na C. L. Innes. Riwaya yake *Paradise* ilitoka kwa Kiswahili 2022 kwa jina la *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hadithi zake fupi nazo zinastahili kutafsiriwa, zijadiliwe darasa moja na za Said Ahmed Mohamed.