Mwalimu na boma la Butiama

Haya wadau, wiki hii semina ya historia imetuacha tunabishana: mtu anatengenezwa na shule au na kwao? Mimi nasema kwao, na ushahidi wangu ni Nyerere.

Kazaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na mama Mgaya, mke wa tano kati ya wake 22. Shule kaanza na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Alipofika Makerere mwaka 1943 akamsoma John Stuart Mill, halafu akaandika insha kuhusu kuonewa kwa wanawake wa Kizanaki. Kitabu kilimpa hoja, lakini mzigo wenyewe alishauona bomani.

Mwaka 1962 akaieleza siasa yake kwa neno la undugu: ujamaa. Ila jamani, hakuisifia tu familia ya jadi. Kwenye Ujamaa Vijijini, 1967, akasema wazi kasoro yake: wanawake walifanya kazi kuliko wanaume.

Ndo maana nasema boma lilimpa vyote viwili, jibu na swali. Jibu alilitangaza nchi nzima. Swali bado tunalo, hata majumbani kwetu. Likizo hii ukifika kwenu, angalia nani anaamka wa kwanza.