Infliksimabu

Infliksimabu (inajulikana pia kwa jina la kibiashara Remicade) ni dawa ya protini inayotibu baadhi ya magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, hasa baridi yabisi ya viungo, ugonjwa wa Crohn wa utumbo na soriasisi ya ngozi. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Takriban robo ya muundo wake inatokana na panya na robo tatu na binadamu.

Kwa kuwa ni protini, haimezwi: tumbo lingeimeng'enya kama nyama au maharage. Kwa kawaida hutolewa kwa dripu, mara ya pili baada ya wiki 2, ya tatu katika wiki ya 6, kisha kila baada ya wiki 8 hivi. Hunasa protini iitwayo TNF, ambayo seli za kinga huitoa ili kuwasha uvimbe. Katika baridi yabisi TNF huzidi, na uvimbe usiokoma hula gegedu na mifupa ya viungo. Mwili wa mgonjwa unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe, ikaacha kufanya kazi. Ndiyo maana wenye baridi yabisi hupewa pamoja na methotrekseti.

Historia

Dawa hii ilianzia Chuo Kikuu cha New York, katika kazi ya Jan Vilček na Junming Le. Mwaka 1992 Marc Feldmann na Ravinder Maini waliijaribu kwa wagonjwa 20 wa baridi yabisi jijini London. Walipata nafuu ndani ya wiki chache, lakini dawa ilipoisha mwilini ugonjwa ulirudi. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, na mwaka 1999 kwa baridi yabisi.

Hatari ya kifua kikuu

TNF si adui tu. Bakteria wa kifua kikuu wanapoingia mwilini, seli za kinga huwazingira ndani ya vinundu vidogo, na TNF ndiyo inayovishikilia vinundu hivyo visibomoke. Mtu anaweza kuishi miaka mingi na bakteria hao bila kuugua. TNF ikizuiwa, wanaweza kutoka na kuenea, mara nyingi hata nje ya mapafu. Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia infliksimabu. Tangu hapo mgonjwa hupimwa kwanza. Akikutwa na maambukizi yaliyolala, huanza kupewa dawa ya kinga kama isoniazidi. Afrika Mashariki, ambako maambukizi hayo ni ya kawaida, kipimo hiki hakipaswi kurukwa. Homa ya ini aina B nayo hupimwa, kwani inaweza kuamka vilevile.

Gharama

Bei ilikuwa kubwa mno kwa wengi. Mwaka 2013 Ulaya iliidhinisha nakala yake ya kwanza iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na ushindani ukaanza kuishusha. Hata hivyo dawa yenyewe huhitaji kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, pamoja na mahali pa kumwangalia mgonjwa akiwa kwenye dripu, maana wengine hupatwa na mzio palepale.