Alama ya Pindoni: Leso za Biashara Street

Mtaa uitwao leo Biashara Street, ambao wazee wa Mombasa waliujua kwa jina la Bazaar Street, haukupata sifa kwa upana wake wala kwa fahari ya majumba, bali kwa leso. Na nyumba mashuhuri katika tijara hiyo ni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, ambayo nguo zake zilijulikana mwambao mzima kwa alama ya Mali ya Abdulla.

Asili ya leso ni vitambaa vya mkononi vilivyouzwa kwa gora, ambavyo wanawake wa pwani walivikata sita sita na kuviunga, tatu juu na tatu chini, ikapatikana nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa, yenye pindo na mji, yaani uwanja wa kati, na baadaye yenye jina, yaani maneno yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Chapa ilipigwa Ulaya, Bara Hindi na Japani, lakini aliyejua ni maneno gani yatakayowasha moto baina ya wake wenza alikuwa tajiri wa hapa, wala si mwenye mtambo. Ndiyo sababu pembeni mwa pindo huandikwa kwa herufi ndogo K.H.E., alama ya mali na nambari ya mchoro, hata leso ikawa yatembea na nasaba yake.

Wajenzi wa vifurushi vya programu za Linux wamekabiliwa na mas'ala yayo hayo ya kujua kitu kimetoka kwa nani. Ada yao ya kale ilikuwa kupokea bunda la msimbo lililofungwa na mwenye programu na kulisadiki. Mwezi wa Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund, akichunguza kwa nini kuingia katika kompyuta ya mbali kwa njia ya SSH kulichelewa kama nusu sekunde, aligundua mlango wa siri katika programu ya kubana data iitwayo xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, na kipande kilichouamsha kilikuwamo bundani lakini hakikuwamo katika hazina ya Git. Tangu hapo hoja ya kujenga kifurushi moja kwa moja kutoka hazinani, ambako kila badiliko lina mwandishi na tarehe, imezidi kupata wasikilizaji. Nami naiona ni ya haki.

Basi ewe mnunuzi, kabla hujampa fundi wa barazani leso yako aipinde, itandaze uyasome na maandishi ya pembeni, kwani jina lasema na jirani yako, bali hayo madogo ndiyo yakuambiayo umrudie nani rangi ikichuja.